Wazee wa Maposeni na Masharti Yao

Julai, Songea ni mwezi wa baridi na mahindi. Barabara ya lami inayotoka mjini kuelekea Mbinga inapita Ruhuwiko, ulipo uwanja wa ndege, kisha inapanda na kushuka vilima hadi Likuyufusi, na njia nzima huoni uwanja wa nyumba usio na mahindi. Yako yaliyoanikwa juu ya maturubai, yako yaliyorundikwa na magunzi yake yakisubiri mashine ya kupukuchua, na yako yaliyokwisha kushonewa magunia, yamepangwa barazani kumngoja mnunuzi. Asubuhi ukungu hukaa mabondeni mpaka jua lipate nguvu. Ndani ya Hiace watu wamevaa makoti, akina mama wamejitanda kanga juu ya sweta, na dirisha likifunguliwa hata kidogo abiria wa nyuma wanalalamika.

Maposeni iko jirani na Peramiho, na wasafiri wengi wanaijua Peramiho tu, kwa abasia ya Wabenedikti iliyoanza mwaka 1898 na kwa hospitali yake. Maposeni wanaipita. Lakini misheni ilikuta watu na utawala wao. Hapa ndipo yalipokuwa makao ya Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni wa Njelu. Padre mmoja wa misheni alikichoma moto kibanda cha mahoka cha Mputa, mahali alipowakumbukia wazee wake waliotangulia, na vita vya Majimaji vilipofika Ungoni mwaka 1905, misheni ya Peramiho nayo iliteketezwa. Mputa alinyongwa na Wajerumani mjini Songea tarehe 27 Februari 1906 pamoja na manduna, yaani wasaidizi wa mtawala, na wapiganaji wengine, na siku hiyo huadhimishwa mpaka leo. Nayaeleza haya mapema kwa sababu wazee niliozungumza nao walianza nayo. Nilipowauliza wanawaonaje wageni wanaokuja na madaftari na sindano, wa kwanza kujibu alinirudisha kwa Mputa. "Hapa tumezoea watu wanaofika wakijua tayari wanachokitaka," alisema, kisha akanyamaza ili neno lake liingie.

Nilichokwenda kuuliza ni kama wangekubali kuchunguzwa. Nchi yetu inazidi kuwa na wazee. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 wenye miaka 60 na zaidi, na ile ya 2022 ilikuta wameongezeka kwa karibu milioni moja. Hata hivyo, mengi tunayoyajua kuhusu miili na akili za wazee wa Tanzania yametoka katika maeneo machache: wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, na baadhi ya kata za Dar es Salaam. Mzee wa Ungoni ametumia mwili wake kwa namna nyingine na amekula vingine. Nilitaka kusikia kwake mwenyewe angetaka nini kabla hajatoa mkono wake ufungwe mpira wa kupimia presha.

Tulikutana uani kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa katekista. Mwenyekiti wa kitongoji alikwisha kupewa habari, na yeye ndiye aliyenitambulisha. Kando ya mwembe palitandikwa mikeka na kupangwa viti, vijana wakainuka ili wazee wakae juani, kwa maana kivuli mwezi huo ni adhabu. Shikamoo zilichukua muda wake, na ni sawa zichukue. Bibi mmoja alikuja akiongozwa na mjukuu, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alipofika alimshika kila mtu mkono na kumtaja jina kwa kuugusa tu. Mwingine alikuja na kapu la maharage, akakaa akiyachambua muda wote wa mazungumzo bila kuyatazama.

Swali la kwanza la kila utafiti wa uzee ni umri, na Maposeni swali hilo lina majibu ya aina yake. Wazee wengi wa vijijini hawakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Lakini kwa kuwa misheni imekuwa hapa zaidi ya miaka mia, wengi walibatizwa wachanga na majina yao yakaandikwa vitabuni. Bibi wa maharage alimtuma mjukuu ndani, naye akarudi na karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kitabu cha sala: cheti cha ubatizo, kilichonakiliwa kutoka kitabu cha parokia. Amezaliwa 1943. Alinionyesha kwa kidole mahali palipoandikwa ingawa hajui kusoma, anapajua palipo.

Mzee aliyekaa pembeni yake hakuwa na karatasi. Wazazi wake hawakuwa Wakristo wakati huo, na yeye alibatizwa mtu mzima. Basi tukamtafutia umri kwa njia ambayo watafiti nao huitumia, kalenda ya matukio. Vita vya Hitler vilipokwisha alikuwa anachunga mbuzi? Alikuwa anachunga, na anakumbuka askari wa Keya, jeshi la mkoloni, waliorudi na makoti mazito. Alikuwa mkubwa kiasi cha kukimbia na ujumbe kijiji cha pili? Hapana, alikuwa bado analala na bibi yake. Wenzake waliingilia kati: huyu alikuwa mdogo kuliko fulani, na fulani alizaliwa mwaka fulani, kitabu kinasema. Walibishana kwa raha kubwa. Mwishowe uani pote palikubaliana kwamba ana miaka 86 au 87. Hakuna mtafiti ambaye angeupata umri huo kwa kumuuliza peke yake chumbani, waliujua pamoja.

Mikono ya mzee huyo ndiyo iliyonifanya nifikiri sana juu ya kwa nini Ruvuma isikosekane katika tafiti hizi. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjuki, na kiganja kina ngozi ngumu hadi leo. Alikata mkonge. Songea ya enzi za Waingereza ilikuwa eneo la kutoa vibarua. Kodi ililazimu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na malori yake yakabeba vijana wa Kingoni kwa maelfu kwenda Tanga, Korogwe na Morogoro. Watu waliwaita manamba. Mzee wetu alikwenda kijana, akarudi, akaenda tena, na mara ya pili alirudi uhuru umekwisha kupatikana. "Mgongo wangu niliuacha Korogwe," alisema, na hakuna aliyecheka, kwa sababu wanaume watatu wengine pale walikuwa na mgongo wa namna hiyo hiyo. Wake zao nao walibaki na mashamba, watoto, maji ya kubeba kichwani na mahindi ya kutwanga, mwaka hata mwaka. Daktari akimpima mzee wa Maposeni magoti na mgongo, anapima na historia ya kazi ya nusu ya nchi. Sijui mahali pengi ambapo historia hiyo inaweza kusomwa wazi kuliko hapa, na wenye kuibeba wanapungua kila mwaka.

Nikawaeleza habari za Hai. Tangu mwaka 1992 wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa maeneo ambako mradi wa Wizara ya Afya ulihesabu watu na vifo nyumba kwa nyumba. Juu ya msingi huo, madaktari wa hospitali ya KCMC pamoja na wenzao wa Newcastle, Uingereza, akiwemo Daktari Richard Walker, waliwatafuta wazee kwa maradhi ambayo watu hawakuwa na majibu yake. Walipotafuta ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, walipita katika watu zaidi ya 161,000 wakawapata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote wanaumwa nini. Mwaka 2009 na 2010 waliwachunguza wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, wakaona kwamba zaidi ya 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa akili kuzeeka na kumbukumbu kuondoka. Na walipopima presha kwa wazee zaidi ya 2,200 wa umri huohuo, karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa na presha ya kupanda.

Hapo paliingia minong'ono. Bibi mwenye mtoto wa jicho aliuliza: "Saba katika kumi? Na walikuwa wanatembea?" Walikuwa wanatembea, bibi. Wengi hawakujua, na wachache sana kati yao walikuwa wanameza dawa ya kutosha kuishusha. Akageukia alipodhani jirani yake amekaa, akamwambia kile kizunguzungu chake cha asubuhi asikiite njaa tena.

Jambo lililowavutia zaidi lilikuwa njiti za kiberiti. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilivyotungwa Ulaya na Marekani humtaka mtu achore saa, aandike sentensi, ahesabu kurudi nyuma kwa saba. Mpe kipimo hicho mwanamke ambaye hakuwahi kushika kalamu, utaandika kwamba ni mgonjwa wakati ana akili timamu kuliko wewe. Watafiti wa Hai, pamoja na wenzao wa Nigeria, walitunga kipimo kifupi kisichodai shule: mtu ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, aseme leo ni siku gani, amtaje kiongozi wa kijiji chake, aeleze daraja ni nini, ayakumbuke baadaye maneno kumi aliyosomewa, na apange njiti za kiberiti kama alivyopanga mwenzake mbele yake. Nilikuwa na kiberiti mfukoni. Niliwaambia sikuja kumpima mtu, mimi si daktari, lakini anayetaka kuona jinsi inavyokuwa anaweza kujaribu.

Karibu wote walitaka. Nilipanga njiti nne juu ya kiti, na bibi wa maharage akapanga zake bila kusita, kisha akaninyooshea moja ya zangu iliyokuwa imekaa upande. Ilipofika zamu ya kutaja wanyama, mzee wa mkonge alianza na wale wa porini mmoja mmoja, tembo, nyati, pofu, kuro, palahala, ngiri, nungunungu, kwa mpangilio wa mtu aliyewahi kuwawinda, na dakika ikaisha hajafika kwa mbuzi. Kijana mmoja wa kidato cha nne aliyesimama nyuma alishindwa kuwataja nusu ya hao. Katekista mstaafu alilifurahia swali la daraja, akalijibu kwa kirefu kama anahubiri. Niliwatazama nikaelewa jambo ambalo takwimu hazikunionyesha: mtu akiulizwa kwa lugha ya maisha yake, hapimwi tu, anaheshimiwa. Kipimo kilichotungwa hivyo ni kazi kubwa ya kitaalamu, na ni adabu pia.

Mmoja tu hakujaribu. Alikuwa ameketi karibu na mlango, mwanamke wa miaka sabini na kitu, amevaa kanga mpya, na mkwe wake amemkalia karibu sana. Alitabasamu kila aliposalimiwa. Njiti zilipomfikia alizikusanya zote akazifunga kwenye pindo la kanga, na mkwe wake akasema kwa sauti ya chini, "Mwacheni mama, amechoka."

Baadaye, watu walipokuwa wanakunywa togwa, mkwe huyo alikuja mwenyewe kunieleza. Mama yao alianza kwa kuchemsha maji ya ugali akasahau unga. Kisha akawa anaitafuta nyumba. Siku nyingine huamka kabla ya alfajiri, hubeba jembe na kuondoka, na wanajua wapi pa kumpata: kwenye mahame, mahali walipoishi kabla ya Operesheni Vijiji kuwahamisha katikati ya miaka ya sabini. Nyumba ile ilikwisha kuanguka zamani, umebaki mti na vigae vya vyungu, lakini yeye hufika pale na kuanza kulima. Jirani yeyote anayemkuta njiani hambishii. Humwambia, "Mama, twende tunywe uji kwanza, shamba halikimbii," naye hukubali na kurudi. Kijiji kizima kinaijua sentensi hiyo.

"Wengine wanasema ni uzee tu," alisema mkwe. "Wengine wanasema amechezewa. Mimi nataka mtu aniambie ni nini, na nifanye nini usiku."

Swali hilo limekaa nami. Kule Hai nako watafiti walikuta familia nyingi zinaamini kwamba kusahau namna hiyo ni sehemu ya uzee, na wengine wanautaja uchawi. Imani ya kwanza humnyima mgonjwa msaada. Ya pili inaweza kumtia hatarini. Sote tunajua yaliyowapata vikongwe wa Kanda ya Ziwa waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni wa miaka sitini. Dawa ya kurudisha kumbukumbu haipo, na niliona ni wajibu kumwambia mkwe ukweli huo. Lakini yapo yanayosaidia. Hai walijaribu vikao 14 vya makundi madogo, wazee wakikutana kuzungumza, kuimba na kucheza michezo wanayoijua, na wagonjwa walipata nafuu ya akili na ya moyo iliyopimika. Gharama yake ni ndogo: mtu aliyefundishwa, mahali pa kukaa, na muda. Maposeni ina mahali na ina nyimbo. Inakosa mtu aliyefundishwa, na hatapatikana kama hakuna aliyeandika popote kwamba mama huyu yupo.

Tuliporudi kwenye mazungumzo, nikauliza swali langu moja kwa moja. Mngekubali?

Damu ndiyo iliyotajwa kwanza. Wazee wa rika hili walikulia katika habari za mumiani, watu waliosemwa kuvizia usiku na kunyonya damu kwa ajili ya Wazungu. Habari hizo zilienea Afrika Mashariki nzima wakati wa ukoloni, na msomi anayezipuuza hatawaelewa watu. Zilizaliwa katika nchi ambamo mtu aliweza kuchukuliwa kodi, kazi, ardhi na mtoto bila kuulizwa. Damu ilikuwa kitu kimoja zaidi. Bibi mwenye mtoto wa jicho alisema yeye hana hofu ya sindano, ameshachomwa nyingi. Anachotaka ni kuambiwa ni chupa ngapi, inakwenda wapi, na ikibaki itafanywa nini. Nikamjibu kwamba siku hizi utafiti wa afya nchini hauanzi bila kibali cha kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kwamba maswali yake matatu ndiyo hasa yanayotakiwa kujibiwa katika fomu ya ridhaa kabla hajaweka dole gumba. Alitikisa kichwa. "Basi waisome fomu yote," akasema. "Wasitusomee kichwa chake tu."

Mwingine alisema mkutano uwe wa kijiji, isiwe mwenyekiti peke yake ndiye anayejua. Mwingine akataka wasioweza kutembea wafuatwe nyumbani, kwa sababu mzee anayefika zahanati kwa miguu yake bado ana nafuu, na ukiwapima hao tu utadhani Maposeni haina wagonjwa. Katika maneno machache alikuwa ametaja kosa ambalo wataalamu wa takwimu huliandikia vitabu.

Lakini sharti walilorudi kwalo wote, kila mmoja kwa njia yake, lilikuwa majibu. Miaka ya nyuma walikuja watu, hawakumbuki wa shirika gani, wakauliza maswali asubuhi hadi jioni, wakapiga picha, wakagawa sabuni, wakaondoka. Hawakurudi. Hakuna aliyejua kilichoandikwa. Mzee wa mkonge alikuwa na hasira ya kweli alipoliongelea hilo, na sauti yake ilipanda kuliko alipozungumzia Korogwe. Kule mkonge, alisema, angalau kadi ya kazi ilipigwa muhuri na mwisho wa kadi ulijua umevuna nini.

Nadhani ana haki, na maadili ya utafiti ya dunia yako upande wake. Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara kadhaa, linataka kila aliyeshiriki utafiti apewe nafasi ya kujua matokeo yake. Huko Framingham, mji mdogo wa Marekani, watu 5,209 walianza kufuatiliwa mwaka 1948, na ni miili yao iliyoufundisha ulimwengu kwamba presha ya kupanda si mapenzi ya uzee tu bali ni njia ya kiharusi na ugonjwa wa moyo. Mji ule mpaka leo unajivunia jina lake. Watoto na wajukuu wa washiriki wa kwanza nao walijiunga. Watu hurithisha namna hiyo jambo wanaloona ni lao. Mzee wa Maposeni naye anaweza kuutolea ulimwengu kitu cha uzito huo. Kwa hiyo anastahili kutendewa kama mtoaji.

Majibu, kwa wazee hawa, yana maana mbili, na watafiti wengi hutimiza moja. Kuna majibu ya kijiji: tuliwapima wangapi, tulikuta nini. Na kuna jibu la mtu: presha yako ni hii, nenda pale, dawa ni hii. Hapa ndipo utafiti unapogongana na maisha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mwenye miaka 60 kuwa mzee, na serikali imeahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza. Ukifika vituo vingi utaona dirisha la wazee na bango la kuwapisha. Mabibi wa pale uani walilisifia dirisha hilo. Walichokisema ni kwamba kupishwa ni jambo jema, lakini ukipishwa hadi mbele ukaambiwa dawa ya presha imekwisha, kanunue, umewahi kufika tu. Na kununua kunatoka kwenye debe la mahindi. Zanzibar kila mwenye miaka 70 analipwa pensheni tangu Aprili 2016, ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Bara hatuna pensheni ya kila mzee. Mzee aliyekata mkonge ulioliletea taifa fedha za kigeni kwa miongo kadhaa hana hata senti ya uzeeni iliyo yake kwa haki.

Kwa hiyo mtafiti atakayempima mzee Maposeni akamkuta na presha ya 200 hawezi kuandika namba hiyo, akafunga daftari na kupanda gari. Atakuwa ameingia deni. Lazima awe amekwisha kuzungumza na zahanati na hospitali kabla ya kipimo cha kwanza, ajue dawa zitatoka wapi mwezi wa pili na wa kumi na mbili. Nimewasikia wasomi wakisema utafiti si huduma. Uani pale kauli hiyo isingepata mtu wa kuipokea, na mimi mwenyewe siipokei.

Kabla sijaondoka katekista mstaafu alisimama akanipa jibu rasmi, kwa niaba ya wote, kwa Kiswahili cha kanisani. Walikuwa wamekubali. Kwa masharti waliyoyasema, wako tayari kupimwa, kutolewa damu, kupanga njiti na kuulizwa umri wao, na wangependa kazi hiyo ianze mavuno yakiisha, kwa sababu wakati wa kupanda hata mzee yuko shambani. Bibi wa maharage aliongeza kwamba waanze na mama wa mlangoni.

Ninayaandika haya kwa wanaopanga tafiti za uzee katika vyuo vyetu na wizarani. Umoja wa Mataifa umeitenga miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa uzee wenye afya, na muongo huo umekwisha kuvuka nusu yake. Utafiti ujao uiingize Ruvuma. Mfike Maposeni baada ya mavuno, muitishe mkutano wa kijiji, muisome fomu yote, muwafuate wasiotembea. Na kwenye bajeti, andikeni fedha za dawa na za safari ya kurudisha majibu kabla hamjaandika za vipimo.